Shangazi Aachwe Alale: Risala ya Wafanyakazi wa Kituo cha Utafiti wa Msitu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, kabla hata ya kukukaribisha tunakuomba radhi kwa kiti ulichokalia. Viti vya kukodi, vile vyenye vitambaa vyeupe na utepe mgongoni, vilipaswa kufika jana. Gari lililovibeba limenasa kwenye tope pale mtelemkoni. Dereva wetu, huyo unayemwona na suruali iliyotapakaa tope mpaka magotini, anasema amejaribu kila njia kulitoa. Sisi hatukutaka kumhoji sana. Tulitandika shuka safi juu ya gogo, tukakuketisha hapo, Mkuu wa Kituo pembeni yako, na Daktari wetu pembeni ya Mkuu wa Kituo. Tunaona mmeenea vizuri, na bado nafasi imebaki.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Leo tuna furaha mpaka hatujui tuiweke wapi. Mlinzi amevaa tai, na hakuna aliyejua kwamba anayo tai. Mpishi, ambaye ndiye amechaguliwa kuisoma risala hii kwa kuwa sauti yake haihitaji kipaza sauti, ameunguza chai asubuhi, jambo ambalo tulidhani haliwezekani. Yote haya ni kwa sababu umekuja kumvisha nishani Daktari wetu, mama ambaye amemaliza ujana wake akifuatilia safari ya kaboni msituni: inavyoingia kwenye majani kutoka hewani, inavyojificha kwenye shina, inavyoshuka ardhini na kurudi tena hewani. Sisi humwita Mama Pumzi. Yeye hujifanya hasikii.

Tunakuomba pia usitushangae ukituona tunapita kando ya yale makopo ya chuma yaliyochomekwa ardhini kupimia hewa inayotoka udongoni, huku tumejaza mashavu kama watu wenye jino bovu. Hatuumwi. Sababu yake utaisikia muda si mrefu.

TULIKOTOKA

Daktari alifika hapa akiwa msichana, na sanduku la vitabu, mitambo iliyofungwa kwenye mablanketi, na buti za kaka yake ambazo alizijaza magazeti vidoleni ili zimtoshe. Kituo kilikuwa chumba kimoja na stoo. Alilala stoo, mitambo ikalala chumbani.

Haukupita muda mama yake akaja kumtazama. Alimkuta binti yake amepiga magoti kwenye majani makavu, sikio karibu na kopo.

"Mwanangu," akamwambia, "watoto wa wenzangu wanatibu watu. Wewe unatibu nini?"

"Sitibu, mama. Nasikiliza udongo unavyopumua."

"Na ukishausikia?"

"Naandika."

Mama akamgeukia Mpishi. "Huyu mtoto anakula lakini?"

Mgeni rasmi, alikuwa anakula, ila kwa kukumbushwa. Mawazo yake yote yalikuwa kwa mti mmoja uliosimama hapa hapa tulipo. Tuliuita Shangazi, kwa kuwa ulichukua nafasi kubwa, ulijua habari za kila mtu, na hakuna aliyethubutu kuusogeza. Daktari aliufunga mkanda wa chuma wenye springi kiunoni ili ajue unavyonenepa. Kila asubuhi aliupita, akaupigapiga, akasema, "Shikamoo Shangazi," kisha akasoma mkanda. Alikijua kiuno cha Shangazi kuliko chake mwenyewe, na hilo alikiri siku aliyokwenda kwa fundi kushonewa gauni akaulizwa vipimo.

Ni yeye aliyetufundisha kwamba mti hauli udongo kama tulivyodhani. "Sehemu kubwa ya mwili wa Shangazi imetoka hewani," alituambia. Tulimcheka mpaka machozi. Yeye hakukasirika, alitueleza tena, na tena, mpaka siku moja tukajikuta sisi ndio tunaowaeleza wageni, na wao ndio wanaocheka.

MAFANIKIO YETU, NA MKOROMO MMOJA

Mafanikio ni mengi. Stoo sasa ni maabara. Mnara wa kupimia hewa umesimama, na Mlinzi haogopi tena kuupanda, ingawa kushuka bado anaogopa. Vijana waliofundishwa na Daktari wamejaa kwenye vyuo na vituo vingine, na wakipiga simu humuuliza kwanza habari za Shangazi, ndipo waulize zake.

Lakini tunalojivunia kuliko yote lilianza kama aibu.

Katika miaka yake ya mwanzo, Daktari aligundua kwamba kopo moja lilionyesha jambo la ajabu. Kila siku baada ya chakula cha mchana, udongo wa hapo ulitoa hewa ya ukaa kwa wingi, ukatulia, ukatoa tena, ukatulia. Makopo mengine hayakuwa hivyo. Alipima upya. Alibadilisha betri. Mambo yakawa yale yale. Usingizi ukamruka. Akampigia simu profesa wake.

"Mwalimu, nimepata kitu. Msitu unashusha pumzi mchana."

Profesa akamwambia ajiandae kwenda kulieleza jambo hilo mbele ya wataalamu. Daktari akaandaa hotuba na michoro. Akashonesha na lile gauni.

Kisha Dereva akaugua homa, akapelekwa kwao. Na msitu nao ukaacha kushusha pumzi.

Daktari alizitazama chati zile mpaka macho yakamuuma. Dereva aliporudi, pumzi nazo zikarudi. Mchana huo Daktari alitoka chumba cha mitambo bila kuaga mtu, akanyata kati ya mizizi. Akamkuta Dereva amelala chali, kofia usoni, kichwa kando ya kopo, anakoroma kwa raha zake.

Akamwamsha. "Kumbe ni wewe."

"Mimi nini, Daktari?"

"Wewe ndiye msitu."

Dereva akakaa, akajifuta mdomo. "Samahani. Hapa pana kivuli kizuri."

Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Tuliosikia tulikimbia tukidhani ameng'atwa na kitu. Halafu, mgeni rasmi, hakuifuta safari. Alikwenda na gauni lake, akasimama mbele ya wataalamu, akawasimulia mkoromo wa Dereva kuanzia mwanzo hadi mwisho, na namna ulivyomfundisha kumshuku kwanza aliye jirani na kopo. Wale wakubwa walicheka, kisha wakatoa kalamu. Wengi wao walikwenda kukagua makopo yao kimya kimya. Tangu siku ile jina lake likaaminika, kwa sababu watu walijua huyu akisema kitu, amekwisha kutazama kama kuna mtu amelala pembeni.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wetu. Ukikaribia kopo, mwenzako anakuambia "Bana," nawe unabana pumzi mpaka ulipite. Wanetu wameuiga. Mke wa Dereva anasema hata nyumbani mumewe akipita karibu na birika hujaza mashavu.

CHANGAMOTO

Rasimu ya risala hii ilipitiwa na Mkuu wa Kituo, ambaye tunamheshimu na anayetutazama sasa hivi kwa macho tunayoyafahamu. Alituelekeza tutaje buti, barabara na betri. Akaongeza, "Na gogo msiliguse kabisa." Sisi ni watu watiifu. Hatuligusi. Tumelikalia tu.

Maana ulichokikalia, mgeni rasmi, ndiye Shangazi.

Alianguka msimu wa mvua uliopita. Tulisikia mlio ambao hatukuwahi kuusikia, kisha ardhi ikatikisika na vikombe vikagongana kabatini. Daktari alitoka na ndara za chumbani. Alimkuta amelala hivi, mizizi juu, mkanda wa chuma umekatika. Aliweka kiganja kwenye gome, akasema "Shikamoo," kwa sauti ya chini, akalia. Hatukumzuia. Wengine wetu tulilia pia, na Mlinzi alisema ni mvua tu.

Kulipokucha tulimkuta amebeba makopo, anayapanga kuanzia kwenye mizizi kwenda kwenye matawi. Macho yalikuwa yamevimba lakini uso unang'aa kama wa mtu aliyepokea mgeni.

"Kumbe kazi yangu ilikuwa nusu," alituambia. "Nimemwona anavyoikusanya kaboni. Sijamwona anavyoirudisha. Sasa uyoga utakuja, mchwa watakuja, ataoza polepole. Ipi itakwenda hewani, ipi itabaki udongoni? Hilo halikisiwi. Ni lazima ukae naye."

Dereva ndiye aliyeuliza tulichoogopa kuuliza, kwa kuwa kustaafu kwa Daktari kumekaribia. "Kazi hii ya kupima mti unavyooza utaimaliza lini?"

"Mimi? Simalizi. Atamaliza mtu ambaye bado hajazaliwa."

"Sasa unaanza kwa nini?"

"Ili yeye asianze upya."

Ndipo likaja agizo, mgeni rasmi. Lilitoka ofisini kwako, bila shaka siku uliyokuwa na mambo mengi. Linasema gogo lililoanguka lipasuliwe mbao, itengenezwe meza ndefu ya ukumbi mpya wa mikutano. Misumeno ipo getini. Wapasuaji wamefika na ni watu wazuri, tumewakaribisha, ndio wale waliokaa upande wa mizizi. Kazi yao inaanza sherehe hii ikiisha. Yaani nishani utakayomvisha Daktari ni ya kazi aliyoifanya na mti huu, na kabla hajaivua mti wenyewe utakuwa mbao.

Daktari alilisoma agizo, akalikunja, akasema, "Wenye mali ni wao." Kisha akaenda kuosha makopo ambayo yalikuwa safi. Yeye si mtu wa kuomba. Anaweza kuusubiri uyoga uote, lakini kumwambia mkubwa "tafadhali" humkwama kooni. Sehemu hii ya risala hakuijua. Daktari, tunakuona umeinamisha kichwa. Tusamehe. Umetufundisha kusema kilichopo kwenye kopo, nasi kilichopo ndicho hiki.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kama tulivyoelekezwa, tunaomba buti, barabara na betri.

Sasa tunaomba turudi nyuma kidogo. Buti tumejadiliana, tutazishona. Barabara tunaomba isitengenezwe kwanza, kwa sababu ikitengenezwa lori la mbao litapita bila shida, na hali ilivyo sasa hata viti vimeshindwa. Betri tulitaka kuzifuta pia, ila mafundi wamekataa, wanasema tusizidishe ushujaa. Kwa hiyo betri zibaki.

Ombi letu hasa ni moja. Shangazi aachwe alale hapa hapa, aoze.

Tunajua hakuna risala iliyowahi kuomba kitu kioze. Watu huomba vitu visioze. Lakini meza unaweza kuipata kwa fundi yeyote mjini, na mkutano utaendelea. Mti ambao mtu mmoja ameushika kiuno tangu akiwa binti wa buti za kuazima, hadi mvi zimemtoka, huwezi kuuagiza popote. Ukipasuliwa leo, nusu ya pili ya kazi yake inaondoka na lori, na yule ambaye hajazaliwa ataanza upya.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, sasa tazama chini, karibu na kiatu chako cha kulia. Hilo nalo ni kopo. Liko wazi tangu ulipoketi. Wewe ni mgeni wa kwanza ambaye hatukumwambia "Bana," na hatukusahau.

Pumzi zako zote za leo zimeingia humo. Ule mguno wako uliposikia habari za viti umo. Kicheko chako kwa Dereva kimo, na kilikuwa kikubwa, tunakushukuru. Daktari ametufundisha kwamba pumzi haipotei. Ukigeuka kushoto utaona mche mdogo umeota ubavuni mwa Shangazi, pale mwanga ulipopata nafasi ya kushuka baada ya yeye kuanguka. Pengine chembe ya pumzi yako itaingia kwenye jani lake, iwe shina, isimame hapa miaka mingi baada ya sisi na wewe, kwa heshima zote, kuungana na Shangazi.

Neno "ndiyo" ni dogo. Halimalizi hata pumzi moja. Ukilitamka hapo ulipo, kopo litalipokea, chati itanyanyuka kidogo, na yule ambaye hajazaliwa atakapoipitia kazi hii siku moja atajiuliza ni nani alikuwa amekaa pembeni. Tutakuwa tumemwandikia.

Tunakuombea afya ya mapafu, safari njema pale kwenye tope, na nyumba yenye watu wa kukucheka unapokoroma. Daktari, nishani ni yako, hata jibu likiwa lipi.

Kwa utaratibu wetu, kopo likisubiri pumzi ya mtu, wengine wote hunyamaza. Kwa hiyo hatutapiga makofi. Tunajaza mashavu sasa hivi, sote, pamoja na wapasuaji, ambao wamejifunza asubuhi. Mpishi ana mwili na hawezi kukaa hivyo muda mrefu, tunakuomba usimcheleweshe.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Kituo cha Utafiti wa Msitu, tuliobana pumzi mbele yako.