Picha ya Pili

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu, madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe mama uliyeketi karibu na mlango na bahasha mapajani: nawasalimu nyote.

Nimeombwa niseme machache kabla hatujafungua chumba hiki cha kupiga picha za mishipa ya kichwa. Mimi ni fundi cherehani, hotuba siziwezi. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Tulimwita Sindano kwa wembamba wake, na ndiye aliyenitungia uzi macho yangu yalipochoka.

Kila alipopuliza chai ya moto, mkono wake wa kulia ulilegea, kikombe kikaanguka.

"Mama, mkono umelala."

"Basi uamshe, ukaoshe vyombo!"

Tulicheka wote. Baada ya dakika chache mkono ulipata nguvu, nami nikarudi kwenye cherehani.

Vikombe vilipofika vitano, nilimleta hapa. Akapigwa picha ya kichwa, ikatoka safi. Daktari hakuridhika. Akaandika apigwe nyingine, ya mishipa, kwenye hospitali ya mbali, maana hapa mashine haikuwepo. Nikamwambia, "Daktari, si picha tunayo?" Bahasha niliilaza chini ya godoro isikunjike, majirani wakija nawaonyesha. Kwa nini sikuuliza? Ningeambiwa kwamba ya kwanza ilitazama ubongo, na ya pili ingetazama njia zinazoupelekea damu.

Miezi minane baadaye Sindano alianguka, akapoteza usemi. Ndipo tukaenda. Mpiga picha wa kule, huyu hapa ambaye sasa amehamia kwetu, wagonjwa humwita Usitikisike, kwa sababu ndilo neno lake kila saa. Sindano alitulia ndani ya mashine kuliko mtu mzima. Usitikisike alimsifu, naye akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Kisha mpiga picha alinionyesha: mishipa mikubwa imesinyaa, na kando yake vimeota vijishipa vidogo, kama moshi. Ugonjwa adimu. "Mngekuja mapema, mama, madaktari wangejaribu kumpasua, wapitishe damu njia nyingine," alisema taratibu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sindano alifariki wiki iliyofuata.

Namshukuru daktari aliyeandika karatasi ile. Bado ninayo, haijatumika; siku ya kwenda tulipelekwa kwa dharura. Nawashukuru nyote mliohangaikia chumba hiki. Na wewe mama wa mlangoni, ukiambiwa picha ya pili, usiseme unayo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mimi, siku ile, sikumsikiliza daktari.