Bi Mwanaheri na Mchicha Usioliwa

Bi Mwanaheri Ramadhani anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha majaribio ya mazao hapa Mingoyo kwa miaka thelathini na mmoja. Wanaovumisha kwamba anakimbia chai yetu ya ofisini wamwulize mwenyewe, ila wahakikishe hana jembe mkononi.

Alizaliwa Mitole, akaajiriwa kutunza miche ya mikorosho. Mikorosho ilimpenda, madereva walimwogopa. Lakini kazi iliyompa jina ni ya kile kitalu cha nyuma ya uzio. Zamani mahali pale watu walivunja betri chakavu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo, ili watengeneze chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Wao waliondoka, sumu ikabaki kwenye udongo. Kituo kikataka kujua ni mimea gani inayostahimili udongo wa namna hiyo, na inastahimili vipi.

Bi Mwanaheri alipanda, akapima, akatueleza kwa lugha yake. Mtama una adabu: sehemu kubwa ya risasi unaizuia mizizini. Nyanya zina madeko, zinasusa na kunyauka. Mchicha wa mbegu za dukani unadumaa na kugeuka manjano. Ila mchicha pori ni jeuri. Unainyonya sumu, unaifungia ndani ya majani mahali isipoudhuru, kisha unanawiri kana kwamba umepakwa mafuta ya nazi. Anayedhurika ni mlaji.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Majirani wa kituo ni watani wa ukoo wake, na mtani, kama mnavyojua, hachukui kwa kuomba. Walichuma mboga ile mchana kweupe. Alipowaambia ina sumu, walicheka: "Sema una choyo, bibi wee!" Akasimamisha kibao chenye picha ya fuvu. Mtani wake mkubwa, Kondo, akalichorea fuvu miwani kama ya Bi Mwanaheri. Kadiri alivyofoka, ndivyo walivyoona utani umekolea.

Siku moja akasikia kwamba Zakia, mke wa Kondo, ni mjamzito, ameshauriwa kliniki ale mboga za majani aongeze damu, na mumewe anamletea zilizonawiri kuliko zote. Bi Mwanaheri alivua mabuti, akajitanda kanga, akaenda kwao. Alipiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile. Akaketi mkekani, akamwita mwenyeji wake Bwana Kondo, akawajulia hali wote kwa upole. Kondo alisubiri tusi lije. Halikuja. Akaingiwa na hofu.

"Kafa nani?" akauliza.

"Bado hajafa mtu," akajibu Bi Mwanaheri. "Ndiyo maana nimekuja."

Zakia hakungoja maelezo. Aliipua sufuria, akaimwaga mboga yote shimoni na kuifukia, kuku wasije wakaidonoa. Kuanzia siku ile mlinzi mkali wa kitalu kile ni Kondo, na hatumlipi. Bi Mwanaheri naye akatembea hadi Njinjo kuwafundisha wakulima waulize kwanza ardhi ilifanyiwa nini kabla hawajapanda bustani.

Tulikaa na wasiwasi mpaka Zakia alipojifungua salama. Mtoto ni Nusaiba, sasa yuko darasa la nne. Kila akitoka shule anasimama nje ya uzio wetu, anaisema miwani ya Bi Mwanaheri, mwendo wake na meno yake, bila huruma. Bi Mwanaheri humjibu neno kwa neno, kisha akirudi ndani tunamwona anafuta macho.

Bi Mwanaheri, tunakushukuru na tutakukosa sana. Kapumzike kwa raha na afya njema huko Mitole. Mwenyezi Mungu akuzidishie umri, uendelee kutukanwa na mtoto yule hadi naye awe na wajukuu.