Karoti za Bi Argiro

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulisha konokono, Bi Argiro Vlahaki anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Mei. Alianza kazi hapa Amari, kwenye shamba letu la konokono wa kuliwa, akiosha mbao ambazo konokono hulala chini yake mchana. Mpaka leo anazijua zile mbao kuliko anavyojua masufuria yake.

Ni mtu wa maneno machache na masharti mengi. Ole wako uingie vizimbani umejipulizia manukato! Atakurudisha ukaoge, hata uwe Bwana Manusos mwenye shamba, ambaye amesharudishwa mara mbili. Konokono, husema, ana pembe nne na zote ni pua: ndefu za kunusa mbali, fupi za kuonja kilicho mbele yake.

Wakongwe wenzangu mnalikumbuka lile jambo la karoti, miaka kumi na miwili iliyopita. Konokono wetu walilelewa kwa kabichi, kisha siku moja ya Septemba wakamwagiwa karoti tupu mwishoni mwa kila safu ya mbao. Siku nne hakuna aliyegeuza pembe. Walizipita kama mawe. Bwana Manusos akasema wameugua, wateketezwe wote.

Bi Argiro akakata karoti nyembamba kama karatasi, akazibandika chini ya mbao, pale pale wanapolala. Walipoamka jioni, midomo ikazigusa, wakaonja. Kesho yake zile za mwishoni mwa safu ziliwavuta tangu mbali, pembe zote zimeelekea upande mmoja.

"Hawa hawafuati harufu ya kitu ambacho hawajawahi kukila," alisema.

Bwana Manusos alipouliza nani aliyebadilisha chakula, Bi Argiro alijibu, "Ni mimi." Mwaka ule alikuwa apewe usimamizi. Nikapewa mimi, Stratis.

Basi Bwana Manusos, hapa soma vizuri: karoti nilimwaga mimi. Niliona zinanukia kuliko kabichi. Mke wangu alikuwa mjamzito, na Bi Argiro alilijua hilo. Tangu hapo kila Pasaka huniletea yai lililopakwa rangi nyekundu, kama ilivyo desturi yetu, nami hulipokea nikiinamisha macho.

Bi Argiro, asante, na unisamehe. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua lichomoze, uishi kwa raha. Leo asubuhi nimebandua jina langu kwenye mlango wa ofisi ya msimamizi. Mpaka Ijumaa saa kumi jioni, pameandikwa lako.