Mama Joyness, Stoo ya Mashua na Barua Isiyo Yake

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Otilia Gwandu, ambaye hapa kituoni wengi wetu tunamwita Mama Joyness, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili na miezi saba ya kutunza vifaa vya mashua yetu ya Ziwa Babati. Nimepewa ukurasa huu wa jarida nimuage kwa maneno mazuri, na maneno mazuri yapo tele. Lakini ndani ya faili lake kuna barua moja ya onyo. Mwenye kosa lile namfahamu.

Aliajiriwa Aprili 1993 akitokea Singe, akiwa hajui kuogelea. Mpaka leo hajui. Aliliogopa ziwa kuliko sisi sote na hakuona haya kulisema hilo. Viboko aliwaogopa zaidi. Kila asubuhi alisimama ufukweni akahesabu vichwa vyao kabla ya kuturuhusu kupanda, na hesabu isipotimia hatuondoki. Wageni walimcheka. Wakishafanya safari moja, waliacha kucheka.

Mashua yetu ni ndogo, ina urefu wa mita saba, nayo inakwenda kwa tanga, maana kazi ya kupima kina na kuchota sampuli za maji haitaki kelele za injini karibu na wanyama wale. Chini ya sitaha kuna nafasi ya giza tunayoiita stoo, ambayo mtu huiingia kwa kutambaa. Humo hukaa vitu vya akiba: tanga la pili, makasia, kamba, nanga ndogo, mbao za viraka na pini za usukani. Mama Joyness alivipanga kwa woga, na sijaona mpangilio bora kuliko ule. Vizito vilikaa chini kabisa, katikati. Vya kushika haraka vilikaa karibu na mlango. Kila kitu alikifunga kwa mipira ya tyubu aliyokatiwa na fundi pikipiki wa Bagara, kwa kuwa kamba ikishalowa hugoma kufunguka. Pini alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunga ubavuni mwa mashua, upande wa kulia.

Kila mwajiriwa mpya alifungwa kitenge machoni na kutumwa stoo alete pini. Sayialel, mshika tanga wetu kutoka Simanjiro, ambaye maji mengi aliyokuwa ameyaona ni ya lambo la ng'ombe, alifaulu mara ya kwanza. Mimi, Ombeni, nilitoka na kopo la gundi. Nilirudia mara nne, na mama huyu hakunionea huruma hata kidogo.

Sasa niseme. Julai 2016 nilikuwa na miezi mitano kazini, bado niko kwenye majaribio. Tulivuka ng'ambo kupima maji, na akina mama wa kule wakatuzawadia maboga tisa makubwa. Zawadi ya namna hiyo huku kwetu hairudishwi. Mama Joyness alikuwa bado ofisi ya kijiji akisaini kitabu cha wageni. Nikaingia stoo, nikafungua mipira, nikasukuma vitu vya akiba pembeni, nikayapanga maboga katikati. Lile kopo nililitupia nyuma ya nanga. Sikumwambia mtu.

Tulipofika katikati ya ziwa upepo ulibadilika. Mashua ikalala kushoto, na maboga yote yakabingirika upande huo. Haikuinuka tena. Maji yakaanza kuingia juu ya ukingo, kisha pini ya usukani ikakatika, tukawa tunasukumwa kuelekea kwenye matete walikolala viboko. Sayialel aliteremsha tanga huku akiita jina la mama yake. Mimi nilishika mlingoti nikashindwa kuuachia. Nilijua nimewaua watu wawili.

Mama Joyness, asiyejua kuogelea, aliingia stoo kichwa mbele. Tuliona miguu yake tu. Boga la kwanza likaruka nje, la pili, la tatu. Moja lilielea hadi kwa kiboko, naye akalipasua kwa mdomo mara moja, na sauti ile bado naisikia nikikata boga nyumbani. Mashua ilipoanza kunyooka, aliendelea kupapasa ndani ya maji ya stoo, nanga ikamng'oa ukucha, mpaka akatoka na kopo. Tulichomeka pini mpya, tukageuza zikiwa zimebaki kama hatua kumi kuyafikia matete. Kisiki kilitoboa ubavu, na kipimo cha kina kikazama.

Jioni mkuu wa kituo wa wakati ule alidai jina la aliyevuruga stoo. Nilisimama niseme. Mama Joyness akanivuta kando, akaninong'oneza, “Ombeni, mwanangu, wewe hujathibitishwa kazini. Barua hii ikija kwako, unarudi nyumbani. Ikija kwangu, inakaa tu kwenye faili.” Akarudi kwa mkuu, akasema aliyevuruga stoo ni yeye.

Haikukaa tu. Mara mbili alipendekezwa kuwa msimamizi wa vifaa, na mara mbili faili lilifunguliwa, barua ikaonekana, nafasi ikaenda kwa mwingine. Mimi nilithibitishwa, nikapanda daraja. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitasema, na kila mwaka niliogopa. Viboko niliwazoea. Mlango wa ofisi ya mkuu sikuuzoea kamwe.

Asubuhi ya leo nimeugonga. Nimekabidhi barua yenye jina langu na sahihi yangu, nikiomba ile ya 2016 itolewe kwenye faili lake kabla ya siku ya kumuaga. Sijajibiwa. Naogopa jibu, na naogopa zaidi macho yake atakaposoma hapa kwamba nimevunja ukimya alionilindia.

Mama Joyness, wafanyakazi wote tunakushukuru. Katika miaka yako yote hakuna aliyezama. Pumzika Singe na wajukuu, ukae mbali na maji kadiri upendavyo, na Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha.

Na mimi, shikamoo mama. Yale maboga niliyapakia mimi.