Madam Eyotaru, Aliyetuiga Sote Isipokuwa Mimi

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, Madam Jovia Eyotaru anastaafu baada ya kufundisha Kiingereza katika Sekondari ya Oli Ng'ambo kwa miaka thelathini na mitatu. Mwalimu Mkuu, Bwana Obitre, ameniomba mimi, Nasuru Hamuza wa Idara ya Kiswahili, nimwandikie wasifu kwa ajili ya jarida letu. Alisema mimi ndiye ninayejua kuandika. Hakujua kwamba mimi pia ndiye ninayemwonea wivu Madam Eyotaru kuliko mwalimu mwingine yeyote hapa shuleni. Nimeona niliseme hilo mapema ili tusonge mbele.

Aliripoti Februari mwaka 1992, shule ikiwa na madarasa manne na ubao mmoja uliobebwa na wanafunzi wawili kutoka darasa hadi darasa. Tangu hapo amekuwa mkuu wa idara, mlezi wa klabu ya midahalo, mlezi wa wasichana, na kwa miaka sita msimamizi wa maktaba, ambayo aliianzisha kwa katoni moja ya sabuni yenye vitabu kumi na vinne. Leo maktaba ina chumba chake na kufuli lake. Matokeo ya Kiingereza ya kidato cha nne hupanda kila mwaka, na kila yanapotoka wazazi hunishika mkono mimi kwa furaha, kisha hunituma nimfikishie pongezi.

Huyu ni mtu anayependwa mpaka inachosha. Vijana wa bodaboda wa Awindiri, anakoishi, humbeba asubuhi bila hata kumwuliza anakwenda wapi. Wazazi humletea kuku, karanga na simsim ya kusaga. Mimi kwa miaka yangu ishirini na miwili hapa nimeletewa kalamu moja, nayo ilikuwa yangu. Mwanafunzi aliiokota.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Jina la Madam Eyotaru halikujengwa na maktaba wala matokeo. Lilijengwa na somo moja la dakika themanini, ambalo hulifundisha kila mwaka kwa kidato cha kwanza katikati ya muhula wa pili, juu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza. Kitenzi chenyewe ni "mimic", yaani kuiga sauti, mwendo au ishara za mtu mwingine. Siku ya somo hilo madarasa mengine huwa hayasomeki. Watoto hujaa kwenye madirisha ya upande wa uwanja, mpishi huacha masufuria, na nimewahi kumwona mzazi aliyekuja kumchukua mtoto mgonjwa akisimama mlangoni na mgonjwa wake mpaka mwisho.

Nimesimuliwa jinsi linavyokwenda. Madam huanza na matumizi ya kwanza, kumwiga mtu ili watu wafurahi. Huvaa koti, hutembea kama Bwana Obitre anapokuja kutoa tangazo, akigusa kila kifungo kwa zamu kana kwamba kimoja kimeibwa, kisha hukohoa mara mbili na kusema, "Jambo la kwanza ni la tatu." Bwana Obitre mwenyewe, aliyeketi mbele, hucheka mpaka anagusa vifungo vyake.

Matumizi ya pili ni kumwiga mtu kwa dharau. Hapo hamgusi mtu yeyote ila yeye mwenyewe. Humwita mwanafunzi mmoja aigize jinsi Madam anavyochechemea, maana goti lake la kushoto ni bovu tangu alipoanguka na baiskeli. Mara ya kwanza mtoto huigiza kwa utani na darasa hucheka. Kisha humwambia aigize tena, safari hii kama mtu anayemchukia. Wanasema darasa hunyamaza lenyewe, na hapo ndipo huandika maana ya pili ubaoni, pamoja na ile herufi k inayojichomeka ukisema jambo limepita, "mimicked".

Kisha hutoa kiberiti chenye mdudu kijiti aliyemkamata kando ya mto, humweka mezani katikati ya vijiti vya kweli, na watoto hutafuta mpaka kijiti kimoja kinapoanza kutembea. Mdudu naye anaiga, asiliwe. Matumizi ya mwisho ni ya maradhi: homa ya matumbo inaweza kuiga malaria, ukatibu moja na mgonjwa akaumwa na nyingine. Mwanafunzi wake wa zamani, Kevina, sasa ni muuguzi Koboko, na aliniambia kwamba kila anapoona mtoto mwenye homa husikia sauti ya Madam, akapima damu kwanza kabla ya kutoa dawa. Ni wanafunzi wangu wangapi wanaosikia sauti yangu wakiwa kazini? Nimefikiria sana, nimempata mmoja. Ni konda, na alisema anakumbuka nikimfukuza.

Hakuishia hapo. Aliwaonyesha tofauti ya kuiga kama nyani, bila kufikiri, na kunakili kwenye mtihani, hapo macho yake yakiwa yamesimama kwenye dawati la mwisho, na kumfuata mtu mwema ili siku moja ufike alipofika. Hilo la mwisho hakuliigiza. Aliwaambia haliwezi kuonyeshwa kwa dakika themanini.

Sasa nisemeje? Kiswahili kina kuiga, kuigiza, kugeza, kufuatisha na kunakili. Vitenzi vitano kwa kimoja chake! Nimevifundisha vyote, kwa mifano, na hakuna mtu aliyewahi kuchungulia dirishani kwangu isipokuwa mbuzi wa jirani.

Mwaka 2014 uvumilivu ulinishinda. Niliingia darasani nikafundisha kitenzi cha kuiga kwa vitendo, na nikaanza na kikohozi cha Bwana Obitre. Nilikohoa vizuri, nilivyoona. Nilijishika kifua, nikagusa vifungo. Watoto walinitazama kwa huruma. Nikaongeza nguvu. Msichana wa mbele akasimama akapiga kelele, "Mwalimu iko nakufa!" na wawili wakakimbilia ofisini. Aliyekuja mbio ni Bwana Obitre mwenyewe, ambaye alinishika mkono kwa upole, akanipeleka zahanati na kunipa ruhusa ya siku mbili. Wahenga walishaonya juu ya anayemwiga tembo, na kwa kuwa jarida hili linasomwa na wazazi, methali hiyo sitaimalizia. Siku zile mbili nilizimaliza nyumbani nikiwa mzima kabisa.

Hata hivyo si somo lile lililoniuma zaidi. Lililoniuma ni kwamba Madam Eyotaru alituiga sote isipokuwa mimi. Alimwiga Bwana Obitre. Alimwiga Soka, mpishi wetu, anavyoonja maharage kwa jicho moja limefumbwa. Alimwiga askari wa getini aliyekuwa na wiki mbili tu kazini. Mtu wa wiki mbili! Mimi nina miaka ishirini na miwili, nina sauti, nina miwani inayoshuka puani, nina mwendo wangu, na hakuna hata siku moja iliyosikika kwamba Madam ameniiga. Nilijumlisha mwenyewe na kupata jibu: mwanamke anayeona kila kitu cha kila mtu ameniangalia, akakuta hakuna cha kuchukua. Mke wangu Jalia alichoka kunisikiliza. Jioni moja alitua sinia akasema, "Nasuru, mutu akifanya wewe, wewe nakasirika. Akiacha, wewe nakasirika. Sasa yeye afanye nini?" Nilinawa mikono nikala, lakini wivu haukuondoka.

Niwe mkweli kwa jambo moja zaidi. Kila mwaka, siku moja kabla ya somo, kiranja wa kidato cha kwanza alinijia na salamu za Madam, akinialika niketi mbele pamoja na wageni. Kila mwaka nilimjibu kwamba ninasahihisha madaftari. Niliamini naitwa kupiga makofi. Sikuona kwa nini mtu aliyerukwa aende kuwapigia makofi wasiorukwa.

Mwezi wa sita mwaka huu, nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, nilikwenda jikoni kwa Soka kuokota visa. Nilimwuliza, kama mwandishi tu, Madam huwachaguaje watu wa kuiga. Soka alinitazama kama niliyemwuliza maji huchemshwaje.

"Mwalimu, yeye kwanza naita mutu," alisema. "Mimi aliniita, nikakaa pale mbele na aproni yangu. Kama mutu hapana kuwa ndani, yeye hapana fanya yeye. Anasema hiyo ni maneno ya nyuma. Na wewe naitwa kila mwaka! Wewe nangoja nini?"

Nilikaa kwenye gunia la unga. Kumbe ule mwaliko ndio uliokuwa ombi la ruhusa. Shule nzima ilijua kwamba kwa Madam asiyekuwepo haigwi. Ni mimi tu nisiyejua, kwa sababu kila mazungumzo ya somo lile yalipoanza katika chumba cha walimu, nilichukua chai yangu nikatoka nje. Miaka ishirini na miwili nimekasirika kwa kutoitwa kwenye mlango niliokuwa nikiufunga mwenyewe. Na muhula ulikuwa ndio wa mwisho wake.

Tarehe mbili Julai kiranja alipokuja na salamu, alikuwa bado hajamaliza nikasema nitakuja. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nilivaa kanzu yangu ya Idi, nikaivua kwa kuwa ilionyesha kwamba natarajia kitu, nikavaa shati la kawaida. Niliketi mbele, kati ya Bwana Obitre na Soka, rundo la madaftari ya kusahihisha likiwa mapajani. Vifungo vikapita. Maharage yakapita. Goti, mdudu, homa. Nikaona Madam anafuta ubao na nikajiambia basi, hata nikiwepo, sina kitu.

Ndipo alipoliangalia benchi letu akaniuliza kwa macho. Nikaitikia kwa kichwa. Madam akachukua rundo la madaftari yangu mapajani, akatoka nje, akafunga mlango.

Tulisubiri. Kisha nje ya dirisha la pili akapita mtu mwenye madaftari kifuani na miwani puani, akiangalia mbele kwa ukali wa mwenye shughuli nyingi. Akapita kuelekea kulia. Baada ya muda akapita kuelekea kushoto. Mara ya tatu akasimama, akafungua daftari, akalisoma likiwa limepinduliwa juu chini, na polepole, shingo ikaanza kurefuka kuelekea dirishani. Mtoto mmoja alipogeuka, shingo ikarudi haraka, na yule mtu akaanza kusahihisha ukuta kwa kalamu nyekundu.

Darasa lililipuka. Soka aliniangukia begani. Watoto walikuwa wakipiga madawati na kuita, "Mwalimu Nasuru! Ni yeye! Ni yeye kabisa!" Nimesema hapo juu kwamba nimesimuliwa jinsi somo lile linavyokwenda. Hakuna aliyenisimulia. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa kwenye veranda ile, nikipita kulia na kupita kushoto, na nilidhani hakuna kiumbe aliyeniona.

Kwanza niliona aibu. Halafu nikamtazama yule mtu dirishani jinsi alivyotamani kuingia, nikamwonea huruma, nikacheka. Nilicheka mpaka ikabidi nivue miwani. Alikuwa ameniona muda wote, hata namna ninavyoshika kalamu, katikati ya vidole kama sigara, jambo ambalo Jalia mwenyewe hajawahi kuligundua.

Baadaye nilimwuliza kwa nini, akiwa na hazina yote ile, hakunifanya nisipokuwepo. Watu wangecheka vilevile. Alikuwa akipaka goti lake dawa. "Mwalimu, hapana," alisema. "Wewe ungesikia kicheko tu, ukiwa nje. Hiyo iko mbaya sana." Akaongeza kwamba kila mwaka aliliacha dirisha la pili wazi, hata siku za mvua, kwa ajili yangu.

Ndugu zangu wasomaji, kwa niaba ya Bwana Obitre, walimu, wafanyakazi na wanafunzi wa Oli Ng'ambo, namshukuru Madam Eyotaru kwa maelfu ya watoto aliowafundisha kumcheka mtu akiwa ameketi mbele yao. Tumekuandalia kuku, Madam, na mara hii mimi ndiye niliyemleta. Uende salama na goti lako, usingizi wako uwe mrefu, mihogo yako izae, na wajukuu wakusumbue inavyotosha.

Anahamia Ludara, kwa mumewe Mzee Lado, kulima. Watu wa Ludara bado hawajui ni nani anayewajia. Wataamka Jumatatu na kumwona mwanamke anayechechemea akipita sokoni, akisalimia, akiwatazama mmoja mmoja, na kila mtu pale ataonekana jinsi alivyo, wala hatasengenywa. Watu wa Ludara, nawaonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea yeye.