Mguu wa Namba Tisa

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Profesa uliyemsimamia mwanangu. Mkutubi Mkuu, mwenyeji wetu wa leo. Walimu, wanafunzi, ndugu wageni waalikwa. Na wewe mume wangu, uliyechagua kiti cha karibu na mlango kama mtu anayepanga kutoroka: nawasalimu wote kwa furaha kubwa.

Nimepewa dakika kumi. Mwanangu aliniomba niandike nisije nikapotea njia, nami nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha mapema, lakini leo nimesimama mbele ya watu wenye shahada zinazotosha kuezekea banda, na sitetemeki. Kwa nini nitetemeke? Yule binti mwenye miwani iliyoteremka puani, aliyekaa safu ya mbele akijifanya hanijui, ni daktari wa falsafa, na nimemzaa mimi. Baba yake alisaidia kidogo.

Tumekuja kufungua hifadhi ya kidijitali. Nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza niliuliza, "Wanyama gani wamo?" Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Sasa nimeelewa: ni kabati la elimu. Ila kabati langu dukani, ukitoa gauni, nafasi inabaki wazi. Hili la kwao mtu anachukua takwimu, anakwenda nazo kwake, na bado zimo vilevile. Na mkusanyo wa kwanza kuingia humo ni wa mwanangu. Wa kwanza, jamani!

Au tuseme utaingia, nikitia sahihi. Ile karatasi aliyoishika Mkutubi Mkuu mapajani ni yangu. Watu arobaini waliopimwa katika utafiti wameshatia sahihi zao. Aliyebaki ni mimi peke yangu, nimegoma wiki ya tatu sasa. Nisipotia, takwimu zangu zinatolewa, na hizo ndizo zilizoibeba tasnifu yake. Atakayekuja kuikagua kazi hiyo bila kuzikuta atasema binti amebuni. Je, ni mama gani huyu anayemfungia mwanawe mlango? Subirini niwaeleze.

Mwanangu alitaka kuifundisha kompyuta itambue mtu anafanya nini bila kumwona. Alitufunga mkononi kidude kiitwacho kihisio, kikubwa kama kifungo cha koti. Ukitembea, kinahisi, ukifagia, kinahisi, ukipanda ngazi, kinahisi. Kulikuwa na seremala, muuguzi, mlinzi, na mimi, mshiriki namba tisa. Nilikivaa siku nne, nikashona suti mbili na sare za shule kumi na nane. Siku ya tano binti akaja na majibu, uso umemshuka.

"Mama, kompyuta inasema ulipumzika."

"Lini?"

"Kutwa nzima. Siku zote nne."

"Nimepumzika? Hebu mlete huyo kompyuta wako akae kwenye kigoda changu saa moja tu. Mgongo wake utamweleza."

Baba yake alicheka wiki nzima. Nikimwomba maji, ananiambia, "Subiri kwanza, Mama Mapumziko, usije ukachoka kupumzika." Mnamwona anavyojificha?

Profesa naye, ninayemheshimu sana, alimwambia binti yangu: "Hizo za namba tisa ni kelele, zitoe." Kumbe katika kazi yao, takwimu zisizokaa sawa huitwa kelele. Mimi sikujua. Nilijua nimetukanwa tu. Nilivaa viatu nije hapa chuoni kumwonyesha kelele zenyewe zinafananaje, ndipo binti akanishika mkono mlangoni. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama chini.

"Mama, ukishona, miguu yako inafanya nini?"

"Inafanya kazi iliyokusomesha."

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mkono unaongoza kitambaa polepole, kama unambembeleza mtoto. Kazi yenyewe iko mguuni, na mguuni hakuna aliyefunga kitu. Akakihamishia kihisio kwenye kifundo cha mguu wangu. Mkanda wa mkononi haukufika, nikampa kipande cha utepe wa pindo. Na kompyuta, yule mvivu aliyeniita mvivu, akaanza kusema kweli. Hapo ndipo tasnifu ilipozaliwa: kwamba kuketi si kupumzika. Wafumaji, wasuka vikapu, wanaochambua nafaka, wote walikuwa wamehesabiwa wamepumzika. Profesa alisimama mbele ya darasa zima akasema, "Mimi ndiye niliyekosea." Profesa, nakusifu hadharani. Wenye vyeo wengi hujua kila neno isipokuwa hilo.

Basi nikaletewa fomu ya hifadhi. Nikaisoma mstari kwa mstari: "Jina la mshiriki halitatajwa." Lisitajwe? Nimefanya kazi miaka thelathini na moja, nusu ya makoti ninayoyaona humu ukumbini nimeyatia bitana mimi, halafu niitwe namba? Nikamwambia Mkutubi Mkuu, "Andika jina langu kwa herufi kubwa, na simu ya duka chini yake."

Akanijibu kwa upole, "Mama, ile ni hifadhi, si ubao wa matangazo." Akanieleza kuwa kuna mlinzi ndani ya takwimu zile aliyesinzia lindoni mchana kweupe, jina lake likijulikana, kazi hana. Nikamwambia, "Huyo afichwe. Mimi sikusinzia."

Juzi akaniita maktaba pamoja na binti yangu, akanikalisha mbele ya kioo cha kompyuta, akanionyesha mguu wangu. Mstari tu, unapanda na kushuka. Lakini mimi nimezoea kusoma mishono. Nikawaambia: hapa uzi ulikatika. Hapa nageuza kola. Hapa ameingia yule mteja anayetaka nguo jana. Binti yangu anaandika, Mkutubi anaandika. Nyinyi wasomi, ningekuwa mwalimu wenu!

Kisha binti akaweka kidole penye kijibonde, na kingine, na kingine. "Kila baada ya mikanyago mitatu mguu wako unatulia kidogo, Mama. Hiki hatujakijua. Kwenye tasnifu nimeandika 'haijaelezwa'."

Nikakanyaga sakafu mara tatu, mguu ukatua wenyewe.

Ushoni nilifundishwa na shangazi yangu, ambaye hata kuandika jina lake hakujua. Alikuwa akisimama nyuma yangu, mkono begani, akinihesabia: "Kanyaga, kanyaga, kanyaga, sikiliza." Maana mguu ukitulia, gurudumu likijizungusha lenyewe, utaisikia sindano kama inalia vibaya kabla haijavunjika. Ana miaka kumi na minane kaburini. Sikujua kama bado natua. Mguu ndio uliokuwa unajua. Na pale kwenye kioo, katika jengo ambalo hakuwahi kukanyaga ngazi zake, alikuwemo shangazi yangu, mara elfu moja na mia tatu kwa siku.

Sasa niambieni, niliyekuwa nadai herufi kubwa: ningeandika jina la nani? Langu peke yangu? Ningekuwa nimemdhulumu. Naye alifundishwa na mtu, ambaye mimi hata simfahamu. Namba tisa inatutosha sote, na nafasi inabaki.

Nimeomba kitu kimoja tu, na mwanangu amekubali. Pale palipokuwa "haijaelezwa", pameandikwa "sikiliza". Ni kitendo kipya katika orodha yao, kati ya kukanyaga na kusimama. Atakayekichukua, popote alipo, akitumie vizuri.

Mkutubi Mkuu, ilete karatasi yako. Kalamu ninayo. Mwanangu, njoo ushike pembe hii, meza yao inateleza.

Haya. Nimetia.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu muda wote huu. Mungu awabariki.