Kikombe Alichomiminiwa Mfalme Obaishu

Ndugu wafiwa, pamoja nanyi wageni mliotumwa na liwali wa Rumi, mimi ni Hagaru, dada wa marehemu, ukoo umeniomba niwasomee maisha yake, mnivumilie nikisoma polepole.

Mfalme Obaishu bin Taimu, wa mwisho kukalia kiti cha Sahwa, alizaliwa tarehe tatu ya mwezi wa Nisani, mwaka wa tisa wa utawala wa baba yetu, hemani kule malishoni, siku ambayo ngamia wetu naye alizaa, ndiyo maana wajomba walimwita pacha wa ngamia hata alipovaa taji. Alifundishwa kusoma na makuhani wa hekalu la juu kwa miaka minne, kisha akafuata misafara ya ubani hadi Gaza, na alipotimiza miaka ishirini na sita akatawazwa. Mwaka huohuo alimwoa Gamila binti Maliku, ambaye ametutangulia, Mola akawajalia binti mmoja, Amata, huyu aliyejifunika hapa mbele.

Kama baba zetu, aliwamiminia wageni divai kwa mkono wake mwenyewe, na yeye hakumiminiwa na mtu.

Tarehe kumi ya mwezi wa Iyari mwaka huu, adhuhuri, katika ukumbi wa mwamba, alikataa mbele yetu sote kuutia muhuri waraka wa kumkabidhi liwali nchi hii. Haukupita muda, tabibu wa liwali, Bwana Filoni, akainuka na birika, akasema, "Mfalme, leo na wewe umiminiwe, kwetu ndiyo heshima." Nilimkonyeza ndugu yangu asinywe. Akaninong'oneza, "Dada, mgeni hakataliwi," akanywa.

Jioni alianza kutapika. Bwana Filoni alisema ni homa ya mabwawani, na Sahwa hakuna bwawa, akatuzuia mlangoni siku nne, na alfajiri ya tarehe kumi na nne akatoka kutuambia kwamba amefariki. Muhuri wake hatujauona mpaka leo.

Mimi simhukumu mtu, Mola anajua.

Tunawashukuru majirani waliochonga kaburi, wenye ngamia waliotuletea maji, na kwa namna ya pekee Bwana Filoni, ambaye hakubanduka kando ya kitanda cha marehemu hata tulipomsihi atupishe. Chakula cha matanga kiko tayari. Kwa kuwa mwenye nyumba hayupo, leo nitamimina mimi, na nitaanza na tabibu. Mgeni hakataliwi, na mgeni naye hakatai.

Lala salama, mdogo wangu, hakuna tena wa kukumiminia.